Kisima Kilichopata Mwenyewe

Ulikuwa mwaka wa 2022, mwezi wa Septemba, kiangazi kikali. Mvua zilikuwa zimeipa Isiolo kisogo misimu minne mfululizo, na huko Biliqo hata mchanga wa mto ulikuwa umekataa kutoa maji. Katika kiangazi hicho hicho, Ardo alimwona mumewe akipewa heshima ambayo hakuwahi kuipata tangu waoane.

Duba hakuwa mtu wa mbele. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha, na mtu asiye na ng'ombe huketi mwisho wa mkeka, akasemwa kana kwamba hayupo. Lakini sasa watu walimwamkia kutoka mbali, wakimwita aba konfi, yaani mwenye kisima. Sheria ya Waborana kuhusu visima haihitaji kuandikwa: anayechimba kisima, au anayekifukua kilichoachwa mpaka kikatoa maji tena, ndiye mwenyewe. Yeye hupanga zamu za kunywesha, na yeye hujibu litakalotokea, liwe jema au baya.

Kisima alichokifukua Duba hakikuwa cha maji. Jambo hilo kila mtu alilijua, na kila mtu alikuwa amekubaliana na kiu yake kulisahau. Lilikuwa shimo la mraba lililojengwa kwa zege, kina chake kikipita kimo cha mtu, na katikati yake bomba nene la chuma. Wageni walilichimba zamani wakitafuta mafuta, wakaliziba, wakaenda zao. Jina la kampuni yao hakuna aliyelikumbuka. Duba aliona unyevu juu ya mchanga uliolijaza. Akautoa mchanga, akapigapiga kwa mtaimbo, na maji ya chumvichumvi yakapanda. Kwa hesabu yake, shimo ni shimo, na aliyeliacha ameliacha.

Asubuhi gari jeupe lilipofika, Duba alikuwa ndani akichota kwa debe, na jirani wawili walikuwa juu wakipokea na kumimina katika hori. Ardo alikuwa pembeni na mitungi yake. Kutoka garini alishuka mwanamke wa makamo, kofia ngumu kichwani, viatu vizito miguuni, na kifaa kidogo kimebanwa kifuani.

"Habari zenu," alisema. "Naitwa Kaari, mhandisi. Nimetumwa kukagua visima vya zamani vya—"

Kifaa kikaanza kulia kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Nani huyo anayekanyaga kwangu na viatu?" sauti ya Duba ikatoka shimoni. "Mwambieni avue!"

"Sivui, mzee. Viatu hivi ndivyo vinavyonirudisha nyumbani kwangu Meru. Wewe toka huko chini, sasa hivi."

"Binti, katika kisima changu mgeni huvua viatu, tena huzungumza mwisho."

"Sawa, nitazungumza mwisho. Toka kwanza."

Jirani mmoja akacheka mpaka akamwaga maji. "Aba konfi, umeletewa mke wa pili! Na huyu ni mkali kuliko wa kwanza!"

Ardo alifungua kinywa amjibu, lakini akasikia debe likianguka. Alichungulia. Duba alikuwa amepiga magoti ndani ya maji, mkono ukipapasa ukuta kana kwamba anautafuta mlango. Ardo akaliachia shuka lake na kuukimbilia ukingo. Kabla hajatia mguu, mikono ya Kaari ikamkamata kiunoni.

"Niachie! Mume wangu!"

"Ukishuka tutatoa maiti mbili, mama. Hakuna anayeshuka kumfuata. Munene! Leta mtungi wa hewa na kamba!"

Munene, dereva wake, alikuwa ameshaanza kukimbia. Kaari alivaa kinyago kilichounganishwa na mtungi mgongoni, akakikagua kingoni mwa uso bila papara, ijapokuwa wote walikuwa wakimpigia kelele aharakishe, kisha akashuka. Alimfunga Duba kamba chini ya makwapa, naye Munene na jirani wale wawili wakamvuta kama gunia. Alipolazwa upande unakotoka upepo, alitapika, akakohoa, akafumbua macho. Ardo alimfuta uso kwa ncha ya ushungi wake.

Kaari alipovua kinyago, jasho lilikuwa likimchuruzika shingoni. "Mlisikia harufu hapa? Kama ya mayai yaliyooza?"

"Siku za kwanza," Ardo akajibu. "Sasa imekwisha."

"Haijakwisha, mama. Ni pua zenu zilizokwisha. Hiyo gesi huiua pua kwanza, halafu humrudia mwenye pua."

Ardo alikumbuka kitoto cha mbuzi kilichookotwa mle shimoni juma lililopita, hakina jeraha wala mvunjiko. Walisema kilianguka.

*

Adhuhuri, Abdiwahid, naibu wa chifu, alifika kwa pikipiki, na habari zilikuwa zimemtangulia kwa watu wengi. Walikaa mbali, nyuma ya kamba nyekundu aliyoifunga Munene, wakamtazama Duba kama watu wanavyomtazama mwizi wa kuku.

"Umevunja mali ya serikali," Abdiwahid akaanza, sauti yake ikiwa ya kusikiwa na wote. "Umewanywesha watu sumu. Wewe Duba, ulipewa na nani ruhusa ya kujiita mwenye kisima? Huna hata ndama!"

"Mwiteni aba gesi!" akapaza mtu nyuma ya kamba, na yule yule aliyegawiwa maji bure jana ndiye aliyecheka zaidi.

Duba alikuwa ameketi chini, nguo zake zikimkaukia mwilini. Hakuinua uso. Ardo alisimama nyuma yake, na aibu ilimchoma masikioni kama moto wa kuni mbichi. Alitamani mumewe ajibu, na alitamani vilevile asijibu.

Kaari aliwaacha waseme. Alichuchumaa mbele ya Duba. "Mzee, nahitaji kujua jambo moja. Mle ndani kuna mabomba mawili, moja limeingia katika jingine. Katikati yao kuna saruji, na ndani ya lile dogo kuna kizibo cha saruji pia. Nikijua palipovunjika, naanzia hapo. Nisipojua, itanibidi kufungua yote, na kukifungua kisima kisichojulikana hali yake ni kumshika nyoka bila kujua kichwa kiko wapi. Ulipiga wapi?"

Duba aliendelea kuutazama mchanga.

"Na juu ya bomba kulikuwa na bamba la chuma. Liko wapi?"

Ardo alilijua bamba liliko: lilikuwa mlango wa zizi la vitoto vya mbuzi nyumbani kwake. Alijua pia sababu ya mumewe kufunga kinywa. Abdiwahid alikuwa amekwisha kuitoa simu na kuishika tayari, akingojea kukiri kwake tu ili awaite polisi wa Merti.

Kaari akainuka, akaenda kando na kuzungumza na wakubwa wake kwa simu ya setilaiti yenye mkonga mrefu. Upepo ulileta maneno yake vipande vipande. "Ndiyo, inavuja... Hapana, kampuni ilifungwa zamani... Nimeuliza kila ofisi, kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake. Mkuu, nakwambia ukweli, kisima hiki hakina mwenyewe."

Hapo ndipo Duba alipoinua uso.

Ardo aliona shingo yake ikisimama, akaelewa kabla ya wengine. Akamshika bega. "Duba, kaa. Nakuomba kwa Mungu, kaa."

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Na iwe hivyo. Acha kikose mwenyewe, leo hii ndiyo salama yetu!"

Aliuondoa mkono wake polepole, bila ukali, akasimama. "Binti!" akaita. "Mwambie huyo unayezungumza naye kwamba umekosea. Kisima hiki kina mwenyewe. Ndimi."

Abdiwahid alicheka kidogo. "Mwacheni. Gesi imempanda kichwani."

"Jana nilipogawa maji mlinikubali kuwa mwenyewe," Duba akasema, akiwatazama mmoja mmoja. "Leo kimetaka kuua, mnataka nikikane? Mwenye kisima si mwenye maji peke yake. Mtu akifia ndani yake, mimi ndiye wa kuulizwa. Baba yangu aliulizwa, akajibu, na mimi nitajibu." Akamgeukia Kaari. "Nilipiga kwa mtaimbo upande wa kibla, kati ya bomba kubwa na dogo. Saruji ilikuwa imeoza, ikatoka vipande, maji yakapanda. Ndani ya bomba dogo sikugusa. Bamba nililing'oa, liko nyumbani kwangu, limefunga mbuzi. Sasa, naibu, piga simu yako."

Abdiwahid alilitazama jicho la Duba, akaitazama simu yake. "Nitaandika ripoti," akasema hatimaye.

"Andika," Kaari akamwambia. "Na uandike pia kwamba asingalisema, ningalikifungua kisima hiki upande ulio mzima."

Ardo hakuweza kumtazama mumewe kwa muda. Alikuwa na hasira naye bado, hasira kubwa. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomlazimisha kuunyoosha mgongo mbele ya wale waliokuwa wakicheka.

*

Saruji na mitambo ilikuwa ije kutoka mbali, na mpaka ije, kisima kilihitaji mlinzi. Kaari alieleza masharti, na Duba akayarudia kwa sauti kama mwanafunzi wa madrasa: moto usiwashwe karibu, mnyama asivuke ua wa miiba atakaouzungusha, mtu asishuke kwa sababu yoyote, na kila mara ajue upepo unavuma wapi. Munene alisimamisha mlingoti wenye kitambaa cha rangi ya chungwa. Kitambaa kikielekea nyumba ya Ardo, nyumba iko pabaya. Na kilielekea huko kutwa nzima.

Miongoni mwa Waborana nyumba ni ya mwanamke. Yeye huijenga, yeye huibomoa. Ardo aliuzima moto wake, akavua mikeka, akazing'oa fito moja moja na kuzihamishia upande wa pili wa kilima, na wanawake waliopita na mitungi yao hawakumkosesha salamu.

"Ardo, unahama? Si tulisikia mumeo ana kisima?"

"Anacho," akajibu, mdomo umeshika kamba. "Ndiyo sababu nahama. Wenye kitu hupata shughuli. Nyinyi msio na kitu piteni."

Hakuwa amemaliza kufunga paa alipoona vumbi la ngamia kutoka mashariki. Alimtambua mtu aliyewatangulia. Alikuwa Abdighani wa Garbatulla. Duba alikuwa amempelekea neno, kabla ya haya yote, kwamba zamu yake ya kunywesha ipo. Naye aliliamini neno hilo, akawaswaga ngamia wake njia yote ile kavu.

Ardo aliacha kazi akamkimbilia mumewe. Alimkuta amesimama mbele ya ua wa miiba, fimbo imelazwa mabegani.

"Salaam aleikum, aba konfi," Abdighani akasema. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Aleikum salaam. Abdighani, maji hakuna."

"Nayasikia yakichemka humo ndani."

"Hayachemki. Ni gesi inayopanda. Yameharibika, ndugu yangu, yanaua. Mimi mwenyewe nilitolewa humo kwa kamba."

Abdighani aliwatazama ngamia wake, waliokuwa wamekwisha kuyanusa maji na kuanza kulia. "Wakati wa ukame uliopita, wewe ulipofika kwangu na ng'ombe wako, niliwaondoa wa mjomba wangu horini ili wako wanywe. Nilikuuliza maswali?"

"Hukuniuliza."

"Basi sogea."

"Sisogei."

"Nitashuka mwenyewe. Nikifa, damu yangu ni juu yangu."

"Haitakuwa juu yako. Itakuwa juu yangu, kwa kuwa kisima ni changu. Sisogei, Abdighani. Ukitaka kupita, anza na mimi."

Walisimama wamekabiliana, ndevu kwa ndevu. Ardo aliona mkono wa Abdighani ukiikaza fimbo, akaona wa Duba ukibaki ulivyo. Mwishowe Abdighani alitema mate chini, hata mate yenyewe yakawa ya shida.

"Neno lako limekauka kuliko mto," akasema.

"Nina deni lako la zamu nzima. Nitalilipa."

"Kwa maji gani? Ya machozi?"

Aliwageuza ngamia kuelekea Merti. Wawili walikataa kuondoka, wakapigwa mpaka wakakubali. Duba hakutoka pale uani mpaka vumbi lilipotua, na Ardo, aliyekuwa amekuja na lawama tele kinywani, alizimeza akamshika mkono.

*

Malori yalipofika, Kaari alimletea Duba kofia ngumu na jozi ya viatu kama vyake.

"Kwangu mimi, mzee, hakuna anayesogelea kisima bila viatu."

Duba alivipokea kama mtu aliyepewa nge. Alivivaa, akatembea navyo akiinua miguu juu kama korongo, na Ardo akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kamba. "Baba yako angekuona!"

"Angevua vyake kwa aibu," Duba akasema, naye akacheka.

Mafundi walifuata mahali alipopaonyesha, upande wa kibla. Walisafisha penye ufa, wakasukuma saruji mbichi kwa pampu ishuke kati ya mabomba mawili, wakaiacha ikauke. Kisha Kaari akafunga kipimo cha mviringo chenye mshale, akaamuru maji yashindiliwe ndani kwa nguvu. "Tukikisukuma na mshale ukatulia, kimeziba. Mshale ukirudi nyuma, kuna mahali panapotuibia."

Mshale ulipanda. Wote wakautazama. Ukatulia kidogo, kisha, taratibu, kama mtu anayetoroka mkutanoni, ukaanza kurudi nyuma.

"Umesogea kidogo tu," fundi mmoja akasema. "Mhandisi, hicho si kitu. Kesho tungekuwa Isiolo mjini."

"Kidogo hicho ndicho kilichompigisha mzee huyu magoti," Kaari akajibu. "Tunarudia."

Hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa umechujuka kwa uchovu, na midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu wa hapa hapa. Walirudia kazi yote tangu mwanzo. Ardo aliwaletea chai kutoka moto wake wa mbali, ikafika imepoa, wakainywa hivyo hivyo. Alimtazama mwanamke yule akipima, akiandamana na upepo, akikataa kuharakishwa, na moyoni akakiri kwamba kama mambo yangekuwa vingine, huyu naye angefaa kuitwa aba konfi.

Saruji ya pili ilipokauka, mshale ulipanda, ukasimama. Walingoja mpaka macho yakawauma. Mshale haukusogea. Hata hivyo Kaari hakuridhika. Aliamuru kizibo kingine juu ya kile, kisha bamba la chuma, lililotolewa kwenye zizi la mbuzi na kupimwa unene, lichomelewe juu ya vyote.

"Si kimekwisha kuziba?" Ardo akamwuliza.

"Kimeziba, mama. Lakini kisima cha namna hii hakiaminiwi kwa kizuizi kimoja. Cha kwanza kikichoka, lazima kimkute mwenzake yuko macho."

"Na miiba yangu ibaki nje," Duba akasema. "Ya tatu."

"Ibaki," Kaari akasema, naye alimaanisha.

*

Siku ya kuondoka, boza, lori la tangi lililoleta maji ya kuchanganyia saruji, lilikuwa halijaisha maji. Kaari alimwita Duba pamoja na mkewe. "Mzee, umelinda, na mlinzi hulipwa. Niambie unavyotaka ulipwe."

Duba aliligonga boza kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio. "Haya yaliyobaki ni matamu?"

"Ni matamu. Ya kunywa."

"Basi nilipe haya."

Ardo alishusha pumzi ndefu. Mbuzi wake walikuwa wakinywa kwa kupimiwa sufuriani, na wawili walikuwa hawasimami tena bila kuinuliwa. Alikuwa ameshaanza kuhesabu moyoni nani atangulie, alipomsikia mumewe akimwambia Munene, "Sasa twende upande wa Merti. Kuna mtu namtafuta."

"Duba," Ardo akasema.

Aligeuka. Hakumficha macho. "Najua. Nilikuwa nafikiri, tumpelekee nusu. Nusu iwe ya mbuzi wako."

Ardo alitazama kilimani, penye nyumba yake mpya ambayo bado ilikuwa imekaa upande. Alimwona tena Abdighani akitema mate makavu, na wale ngamia wawili waliokataa kuondoka.

"Ulimwahidi nusu ya zamu?" akauliza.

"Nilimwahidi zamu."

"Basi usinitie mimi na mbuzi wangu katika deni lako. Panda gari."

Ardo naye akapanda. Walimkuta Abdighani kwenye mchanga wa mto, amechimba shimo la kina na ndani yake hakuna kitu. Ngamia wake wamelala, shingo zimenyooshwa chini. Aliliona boza, akamwona Duba akishuka na vile viatu vizito, akashangaa asijue acheke au akimbie.

"Hii ni nini?"

"Zamu yako," Duba akasema.

Munene na Ardo walitandaza turubai juu ya mchanga uliochimbwa mviringo, wakafungua mlizamu. Ngamia wa kwanza aliinuka kwa magoti, kisha wakaja wote. Abdighani alitaka kusema neno, Duba akamzuia kwa kiganja. Alisimama kichwani pa hori ile, mahali pa mwenye kisima, akiwapokea mmoja baada ya mmoja. Aliyekuwa dhaifu alimwinua kichwa kwa mikono yake na kumngoja ameze, wala hakuufunga mlizamu mpaka boza lilipokauka na ngamia wa mwisho wa Abdighani akageuka mwenyewe, ameshiba.